Barua ya wazi kwa madiwani wa wilaya za England: mwambieni jirani kwamba ana kura

Kwa Waheshimiwa Madiwani wa Mid Suffolk na wenzenu wa halmashauri zote za wilaya nchini England. Kwa wasimamizi wa uchaguzi na maofisa wa daftari la wapiga kura. Na kwa Waziri mwenye dhamana ya makazi, jamii na serikali za mitaa, London.

Waheshimiwa,

Salaam nyingi. Ninaandika nikiwa mkazi wa mashariki mwa England na mzaliwa wa pwani ya Kenya. Nakala ya Kiingereza itawafikia ofisini. Hii ya Kiswahili ninaitoa hadharani kwanza, kwa sababu jambo lenyewe linawagusa wenzangu wengi ambao hawajui kuwa linawagusa.

Nianze na matokeo. Alhamisi ya tarehe 4 Mei 2023, wapiga kura wa Mid Suffolk walikipa chama cha Green, chama cha watetezi wa mazingira, viti 24 kati ya 34 vya halmashauri yao. Conservative, chama kilichokuwa kikitawala nchi, kiliambulia 6, Liberal Democrats 4. Miaka minne kabla ya hapo, mwaka 2019, Conservative kilikuwa na 16 na Green 12. Kwa mara ya kwanza katika historia ya England, chama cha Green kilipata wingi wa viti katika halmashauri bila kumtegemea mtu. Siku hiyo hiyo halmashauri 230 zilikuwa zikichagua, viti zaidi ya 8,000, na Conservative kilipoteza zaidi ya viti elfu moja chini ya Waziri Mkuu Rishi Sunak, mtu ambaye baba yake alizaliwa Kenya na mama yake Tanganyika.

Wenzangu walioko mbali wataniuliza Mid Suffolk ni wapi. Ni mashamba na vijiji vya mkoa wa Suffolk, pamoja na miji midogo kama Stowmarket, Needham Market na Eye, watu zaidi ya laki moja kwa jumla. Si mahali ambapo mtu angetarajia kukuta mapinduzi ya kisiasa. Na hayakuja kwa muujiza. Watu wa Green walizunguka vijijini kwa miaka, nyumba kwa nyumba, wakisikiliza habari za mitaro iliyoziba na basi lililofutwa. Mwaka uliofuata, Julai 2024, jimbo jipya la Waveney Valley, ambalo limechukua sehemu ya wilaya hiyo, lilimpeleka Adrian Ramsay bungeni, mmoja wa wabunge wanne wa Green waliopita mwaka ule. Ninawapongeza kwa moyo safi, na ninaandika haya bila kuwa na kadi ya chama chochote.

Lakini, Waheshimiwa, nimeyasoma matokeo yale na mengine mengi ya wilaya za England, na kila mara macho yangu huenda kwenye tarakimu ambayo magazeti huiweka mwishoni: waliojitokeza. Katika chaguzi za halmashauri huku, anayejitokeza ni karibu mmoja kati ya watatu walioandikishwa. Na huyo mmoja kati ya watatu anahesabiwa kutoka kwenye daftari. Asiyekuwa daftarini hata miongoni mwa waliokosa kufika hahesabiwi. Ni kama hayupo wilayani.

Huyo ndiye ninayemwandikia barua hii.

Sheria ya Uingereza inampa raia wa nchi yoyote ya Jumuiya ya Madola, akiwa anaishi hapa kihalali, haki ya kuandikishwa na kupiga kura katika kila uchaguzi: wa diwani, wa meya, wa mbunge. Haulizwi kama amechukua uraia wa Uingereza, wala kama kibali chake ni cha kudumu. Mkenya aliyekuja kwa kibali cha kazi ya keya, yaani kutunza wazee na wagonjwa, ana haki hiyo. Mtanzania anayesoma chuo kikuu anayo. Mganda anayo. Mnyarwanda anayo, kwa kuwa Rwanda iliingia Jumuiya ya Madola mwaka 2009, ingawa haijawahi kutawaliwa na Waingereza. Hata Mzimbabwe anayo mpaka leo, wakati nchi yake ilijitoa mwaka 2003. Asili ya haki hii ni zama za himaya, wakati babu zetu waliitwa raiya wa mfalme bila kuulizwa, na wakalipa kodi ya kichwa bila kupiga kura popote. Bendera zikashuka na nyingine zikapanda, Tanganyika mwaka 1961, Uganda 1962, Kenya 1963, lakini haki yenyewe ilibaki vitabuni, na sasa imo katika sheria ya uwakilishi wa wananchi ya mwaka 1983. Siku mbili baada ya uchaguzi ule wa Mei 2023, Mfalme Charles III alitawazwa, na yeye ndiye Mkuu wa Jumuiya ya Madola. Watu wetu waliitazama sherehe ile kwenye televisheni za nyumba za kulea wazee, huku wakiwalisha uji na kuwabadilisha nguo wapiga kura wa Uingereza. Wangapi kati yao walijua kwamba Alhamisi iliyopita kituo cha kupigia kura kilikuwa chao pia?

Nimewauliza wengi, kanisani, msikitini, kwenye harusi, kwenye foleni ya basi la alfajiri. Jibu ni lile lile: "Mimi si raia, hayo si yangu." Na wengine huongeza kwa sauti ya chini kwamba wanaogopa, kwamba ukijiandikisha watu wa uhamiaji watakufuatilia, kwamba utaharibu kibali chako. Hofu hiyo haina msingi kwa mtu mwenye haki na kibali halali, lakini ni nani aliyewahi kuja kuwaambia?

Hapa ndipo penye kiini cha malalamiko yangu, na naomba mnivumilie nikieleze kwa kirefu.

Kadi ya taarifa ya kupiga kura hutumwa kwa aliyeandikishwa. Mgombea anapopita mlango kwa mlango, mkononi ana orodha iliyotoka daftarini; nyumba isiyo na jina kwenye orodha anairuka, kwa sababu muda ni mchache na mvua inanyesha. Vipeperushi vyenye majina hutumwa kwa walioandikishwa. Siku ya kura, mawakala wa vyama wanaosimama nje ya ukumbi na maua ya rangi kifuani wanawafuatilia walioandikishwa ambao hawajafika. Kila chombo cha kuwakumbusha watu uchaguzi kinamkumbusha aliyekwisha kukumbushwa. Aliye nje ya daftari anaweza kuishi kwenye kijiji kimoja miaka mitano, akalipa kila anachodaiwa, akaona chaguzi zikija na kupita kama msafara wa harusi ya watu asiowajua.

Mtaniambia kwamba kila mwaka mnatuma fomu ya ukaguzi wa daftari kwa kila nyumba. Ni kweli. Nitawasimulia fomu hiyo inavyofika. Kuna nyumba moja ya kupanga ninayoijua, wanakaa wafanyakazi wa keya, kila mmoja chumba chake, jiko la pamoja. Wilaya yake siitaji, kwa sababu hali ni hiyo hiyo kote. Bahasha iliingia mlangoni imeandikwa "mkaaji", ikaangukia juu ya matangazo ya piza na barua za wapangaji waliohama zamani. Ikakaa hapo. Baada ya siku kadhaa dada mmoja kutoka Kisumu akaifungua, akakuta majina mawili ambayo hakuna mtu ndani ya nyumba aliyewahi kuyasikia. Akairudisha kwenye bahasha na kuiweka juu ya friji, akasema, "Hii si yetu." Kwa nini aseme vingine? Ukurasa aliokutana nao kwanza ulikuwa na majina ya wageni na onyo la faini. Hapakuwa na sentensi moja ya kumwambia: ukiwa Mkenya, Mganda, Mghana, Mnigeria, Mjamaika, Mhindi, jina lako linatakiwa hapa.

Siku ya uchaguzi dada huyo alikuwa amesikia kwa mwenzake kazini kwamba ana haki. Akaenda kituoni baada ya zamu, na pasipoti yake ya Kenya mkononi, kwa kuwa tangu Mei 2023 lazima mpiga kura aonyeshe kitambulisho chenye picha. Pasipoti ile ilikuwa sahihi kabisa. Sheria inakubali pasipoti ya nchi yoyote ya Jumuiya ya Madola, hata iliyokwisha muda, mradi sura ifanane. Karani wa kituo alikuwa na adabu. Alipitisha rula mstari kwa mstari, akageuza ukurasa, akarudi nyuma, kisha akasema pole, jina halipo. Kujiandikisha lazima kufanyike siku 12 za kazi kabla ya uchaguzi. Dada akashukuru akatoka. Kitambulisho alikuwa nacho, haki alikuwa nayo, na usingizi wake wa mchana alikuwa ameutoa. Kilichokosekana ni kuambiwa mapema.

Hamuwezi kusema tatizo hili hamlijui. Tume ya Uchaguzi ilipolichunguza daftari la Desemba 2022 ilikuta kwamba huenda watu milioni 8 nchini hawakuandikishwa sawasawa mahali wanapoishi. Kwa wenye nyumba zao zisizo na deni, walioandikishwa ni asilimia 95. Kwa wapangaji wa nyumba za watu binafsi ni 65. Kwa aliyekaa kwenye anwani yake chini ya mwaka mmoja ni 39. Sasa niambieni, mgeni kutoka Mombasa, Mwanza au Mbarara anaanzia wapi maisha huku? Anaanzia kwenye chumba cha kupanga, na anahama kila wakala wa kazi anapomhamisha. Tarakimu hizo zinamwelezea yeye.

Na kura moja huku ni kitu kizito kuliko watu wanavyodhani. Kata nyingine zina wapiga kura wachache mno, na mwenye kura nyingi ndiye anayechukua kiti, hata akipita kwa mbili. Mwaka 2017, Northumberland, kata ya South Blyth, wagombea wawili walifungana hata baada ya kurudia kuhesabu, na mshindi akapatikana kwa kuchomoa kijiti, kama sheria inavyoelekeza. Kijiti hicho kiliinyima Conservative wingi wa halmashauri nzima. Nyumba moja ya wafanyakazi wa keya ingetosha kuamua jambo lile.

Wapo watakaosema wageni hawana haja na siasa za mapipa ya taka. Nawajibu kwa sababu nawajua wageni hao. Halmashauri ya wilaya ndiyo inayomsikiliza mpangaji aliyefukuzwa na kukosa pa kulala. Ndiyo inayokagua nyumba ya kupanga yenye ukungu ukutani na watoto wanaokohoa. Ndiyo inayotoa leseni kwa dereva wa teksi, na wangapi wetu wanaendesha teksi? Inakagua jiko la mama anayetaka kuuza sambusa na pilau sokoni Jumamosi. Inaamua kama ghala la zamani linaweza kugeuzwa kanisa au msikiti. Inatoa unafuu wa kodi ya halmashauri kwa mwenye kipato kidogo. Shule, barabara na huduma za wazee ziko kwa mkoa, lakini bili ya kodi inatoka wilayani kwa niaba ya wote, na bili hiyo, Waheshimiwa, haijawahi kumkosa mtu. Anwani yetu mnaijua vizuri sana tunapodaiwa.

Kwa hiyo ninaomba mambo ambayo yako ndani ya uwezo wenu leo, bila kusubiri sheria mpya. Sheria iliyopo tayari inamtaka ofisa wa daftari achukue kila hatua inayohitajika ili daftari likamilike. Pamoja na ile bili ya kodi inayotoka kila Machi, wekeni karatasi moja inayosema waziwazi ni raia wa nchi zipi wana haki ya kupiga kura, nchi zitajwe kwa majina, maana mtu haoni jina lake kwenye maneno "raia wa Jumuiya ya Madola aliyetimiza masharti". Elezeni humo kwamba pasipoti ya nchini kwake inatosha kituoni. Elezeni pia kura ya posta, kwa sababu kituo hufunguliwa saa moja asubuhi na kufungwa saa nne usiku, lakini zamu ya keya inayochukua muda wa saa 12, pamoja na safari ya kijijini isiyo na basi, huumeza muda huo wote.

Kisha tokeni ofisini. Nyumba za kulea wazee mnazijua zilipo, viwanda vya kuku mnavijua, hospitali mnazijua. Makanisa yetu ya Jumapili mchana yanakodi kumbi zenu wenyewe. Ofisa mmoja mwenye kompyuta mpakato, aliyekaa saa mbili baada ya ibada, ataandikisha watu wengi kuliko bahasha mia za "mkaaji", kwa kuwa kazi yenyewe ni ya dakika chache na inahitaji taarifa kama namba ya bima ya taifa, anwani na tarehe ya kuzaliwa. Aje na jibu la ile hofu ya uhamiaji, akalitoe mbele ya watu wote. Na aseme jambo ambalo vijana wetu watalisikia haraka: kampuni zinazopima uaminifu wa mikopo huangalia daftari la wapiga kura, na asiyekuwemo hupata taabu hata kuchukua simu kwa mkataba.

Fanyeni hivi sasa, kwa sababu ramani yenyewe inabadilika. Desemba 2024 serikali ilitangaza kwamba mfumo huu wa ngazi mbili, mkoa na wilaya, ulioanza kazi tarehe 1 Aprili 1974, utavunjwa na kuwa halmashauri moja moja kubwa. Tayari chaguzi za mkoa wa Suffolk zilizokuwa zifanyike Mei 2025 ziliahirishwa kwa sababu hiyo. Diwani atakuwa na eneo kubwa zaidi na watu wengi zaidi. Aliyekuwa hajulikani kwenye wilaya ya watu laki moja atajulikana vipi kwenye halmashauri ya laki tatu, nne, tano? Julai 2025 serikali iliahidi pia kuelekea kwenye kuandikisha watu moja kwa moja, bila wao kuomba, na kushusha umri wa kupiga kura hadi miaka 16. Ni habari njema. Msiifanye kuwa sababu ya kukaa mkisubiri.

Mheshimiwa Waziri, neno langu la mwisho ni kwako, maana hili madiwani hawaliwezi.

Miongoni mwetu tunaozungumza Kiswahili huku wamo Wakongo na Warundi. Walikuja wengi wao wakikimbia vita, wamelea watoto hapa, wanalipa kodi ile ile. Nchi zao hazimo katika Jumuiya ya Madola, kwa hiyo mpaka wachukue uraia, hawana kura England, na ninawasihi ndugu zangu hao wasijaribu kujiandikisha kwa kudanganya, kwani ni kosa la jinai. Lakini Mkongo yule yule angeishi Glasgow angemchagua diwani wake, kwa sababu Bunge la Scotland lilipitisha mwaka 2020 kwamba kila mgeni mwenye kibali halali ana kura katika uchaguzi wa mitaa. Angeishi Cardiff angemchagua pia. Wales nayo imefanya hivyo. Mtu mmoja, kibali kile kile kilichotolewa na serikali moja ya London, anakuwa mpiga kura akivuka mpaka wa Gretna kuingia Scotland na anaacha kuwa mpiga kura akirudi Carlisle, upande wa England. Nimetafuta hoja ya kulitetea jambo hili na sijaiona. Scotland haijaporomoka. Mitaro yao inazibuliwa na mapipa yao yanachukuliwa.

Ninaomba muswada wa kuleta haki hiyo England, kwa chaguzi za halmashauri, na uletwe kabla halmashauri mpya hazijachaguliwa mara ya kwanza.

Kwa upande wetu, wapo kati yetu watu walio tayari kuzunguka na maofisa wenu, kutafsiri, kukaa kwenye meza nje ya ukumbi na kujibu maswali kwa Kiswahili, Kiluo, Kiganda, Kinyarwanda. Hatuombi malipo. Tunaomba tarehe, na jina la ofisa tutakayewasiliana naye, mapema kabla ya bili za Machi kuchapishwa.

Wenu katika ujirani,

Mkazi na mpiga kura, Suffolk